Mjadala: Saa ya toleo la idadi ndogo iandikwe kwa bei gani kwenye fomu ya mali?

Mleta mada, Kisumu:
Wadau, tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, saa za viongozi hazijatoka midomoni mwa watu. Hapa Kondele mtu anakuonyesha picha ya mkono wa mheshimiwa na kukutajia bei kana kwamba alimsindikiza dukani. Tangu Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, watumishi wa umma wametakiwa kutangaza mali yao. Sasa, saa ambayo kiwanda kimetoa chache tu, itangazwe kwa bei ya dukani au ya mnadani?

Tofauti ni kubwa mno. Mwaka 2021 watengeneza saa wa Uswisi, Patek Philippe, walitoa saa 170 za Nautilus zenye uso wa buluu ya Tiffany, wale wauza vito wa Marekani. Dukani, dola elfu 52 na ushee. Desemba hiyo hiyo moja ikanadiwa New York kwa dola milioni 6.5. Msimamo wangu: bei ya soko ya siku ya kujaza fomu. Anayeuziwa kwa bei ya dukani kitu ambacho wengine hawakipati hata wakiwa na fedha mkononi amependelewa, na upendeleo huo ndio mwananchi anaotaka kuuona. Nawasilisha.

Mchangiaji, Nakuru:
Napinga, ndugu yangu. Mnada huo ulikuwa wa hisani. Fedha zilikwenda The Nature Conservancy, shirika la uhifadhi. Saa nyingine ya Patek, Grandmaster Chime ya chuma cha pua, iliyofika faranga milioni 31 za Uswisi kule Geneva 2019 nayo ilikuwa moja tu, na ilinadiwa kuchangia utafiti wa ugonjwa wa misuli. Bei kama hizo zimebeba sadaka na sifa ndani yake. Isitoshe, soko lilipanda hadi mwanzoni mwa 2022 kisha likaporomoka. Mtu atangaze mali kwa bei inayoyeyuka kabla wino haujakauka? Risiti itoshe.

Fundi wa saa, Kakamega:
Risiti inasema kilicholipwa. Haisemi kilichomo. Mwaka 2021 saa ya kampuni ya Omega, Speedmaster ya 1957, ilinadiwa Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3. Mwaka 2023 ikabainika kuwa imeungwaungwa kwa vipuri vya saa mbalimbali, na Omega wenyewe wakasema waliowahi kuwa wafanyakazi wao walihusika. Mnada mkubwa, wataalamu wamejaa, na bado.

Mimi namba iliyochongwa mgongoni hainitoshi. Nafungua, naangalia mashine, kama vipuri ni vyake, kama uso umepakwa rangi upya, kama kasha limesuguliwa mpaka kingo zimelika. Halafu kuna uhaba wa kupangwa na uhaba uliojitokeza. Saa za Rolex Daytona zenye uso uliokuja kuitwa Paul Newman, jina la mwigizaji wa Marekani, zilikuwa zikidoda madukani miaka ya 1960 na 1970. Ile aliyoivaa mwigizaji mwenyewe, zawadi ya mkewe Joanne Woodward, iliuzwa 2017 kwa dola milioni 17.75. Kiwanda hakikuwa kimeahidi kutoa chache. Watu ndio waliokuja kuitaka, na historia yake ilikuwa inajulikana. Kwa hiyo mkiniuliza thamani, nitauliza kwanza: nani anaitaka, na ni kweli ndiyo yenyewe?

Mleta mada, Kisumu:
Asante fundi, hapo umenisogeza. Bei za minada ya hisani naziondoa. Lakini ndugu wa Nakuru, risiti peke yake siikubali, kwa sababu saa za namna hii zinaweza kupokewa kama zawadi, na anayepokea zawadi hana risiti. Fomu itake namba ya saa, aliyeitoa, tarehe, na wastani wa bei ambazo saa za toleo hilo zimeuziwa kwa wanunuzi wa kawaida mwaka huo. Ikishuka, ishushwe. Na siku mheshimiwa akiiuza, tulinganishe alichoandika na alichopokea.