Naanza kucheza klabu ya usiku, naomba ushauri kwa waliowahi kuifanya kazi hii

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 27, uamuzi nimeshaufanya, kwa hiyo mahubiri naomba mniwekee kiporo.

Juzi nilienda kufanyiwa majaribio kwenye klabu ya wanaovua nguo. Nyimbo mbili tu. Nilikuwa nimejipaka losheni mwili mzima ili ning'ae, kumbe kosa! Nilipoishika nguzo niliteleza kama kambale, goti likagonga sakafu. Dada mmoja mzoefu akanirushia taulo, akaniambia siku ya kazi losheni ni mwiko. Pamoja na aibu ile, wamenichukua.

Kinachoninyima usingizi ni hesabu. Mshahara hakuna. Kila zamu namlipa mwenye klabu ada ya kuingia, kisha natoa chochote kwa DJ na mabaunsa, kinachobaki ndicho changu. Usiku wateja wakiwa wachache si naweza kurudi nyumbani na deni? Mlikuwa mnajipangaje? Na je, mkataba unasainiwa, au ni maneno matupu?

Halafu wateja. Kucheza naweza, ila kumfuata mtu mezani na kuanzisha maongezi, hapo ulimi unakuwa mzito. Na mtu akivuka mpaka kwa mikono yake, namwita baunsa papo hapo au namalizana naye kwanza kwa maneno?

Viatu nimeazima, kisigino kirefu kuliko kiganja changu. Nizoee hivi hivi au nianze na vifupi?