Gari mpya haina spea, kwenye buti kuna kichupa cha gundi tu, hii ni sawa?

Mchana_Kweupe
Wakuu habari zenu. Nimechukua gari wiki mbili zilizopita, mpya kabisa, viti bado vina nailoni. Jana napakia mizigo nikainua kile kibao cha chini ya buti nikijua nitakuta tairi imelala pale kama magari yote niliyowahi kuendesha, nakutana na sponji nyeusi imechongwa mashimo, ndani kuna kichupa cha maji mazito na kapampu kenye waya wa kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, basi. Jeki hakuna, wili spana hakuna. Nikampigia aliyeniuzia nikiwa nimeshapandisha sauti kabisa maana nilijua kuna mtu kachomoa spea njiani, akanijibu kwa upole "bosi hiyo haiji na spea, soma kitabu". Sasa nyie mnaotumia haya magari mnaishije? Na nikitaka spea yangu nanunua yoyote tu inayoenea kwenye shimo?

Nati_Tano
Hujaibiwa mkuu, siku hizi ndo zinavyokuja. Tairi na rimu yake na jeki unaongelea kilo ishirini na kitu, ukizitoa gari inakuwa nyepesi na kwenye kipimo cha mafuta na moshi inasoma vizuri. Kule Ulaya viwanda viliwekewa wastani wa gramu 130 za kaboni kwa kilomita kufikia 2015, halafu 2020 ikashushwa mpaka 95, kwahiyo kila kilo wanaitafuta. Kwenye haibridi (zinazotumia mafuta na umeme) nyingi hilo shimo la spea limechukuliwa na betri. Na kichupa ni bei rahisi kuliko tairi na rimu, hiyo hawaandiki kwenye brosha 😂

mama_usukani
Mimi hicho kichupa nisikisikie. Nilikuwa natoka safari usiku mvua inanyesha nikaingia kwenye shimo lina maji, nikasikia paa, kushuka na tochi ya simu naona ubavu wa tairi umechanika kama kidole kinaingia. Nikasema si ndo kazi ya hii dawa, nikapiga magoti kwenye tope nikafunga mpira nikawasha pampu, dawa yote ikaingia na yote ikatokea pale pale kwenye mpasuko, povu jeupe linatiririka barabarani na pampu inaunguruma tu, mshale wa upepo haujasogea hata kidogo. Nimekaa masaa matatu nasubiri gari la kunivuta, kwa pancha moja! Ningekuwa na spea ni dakika ishirini naondoka zangu. Kwahiyo ndugu yangu elewa kabisa, ile gundi ni ya tobo la msumari tena kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga chini, milimita nne mpaka sita hivi. Ubavu ukichanika au rimu ikipinda hicho kichupa ni pambo.

kimyakimya
Pole dada ila kichupa hakina kosa, hiyo ilikuwa kazi ya spea. Mimi kimenitoa mara mbili, zote msumari. Wengi wanakosea hapa, wanachomoa msumari kwanza, usichomoe, uache unasaidia kuziba. Washa injini kabla ya pampu usije ukamaliza betri, jaza, halafu ondoka hapo hapo maana gundi inasambaa tairi ikizunguka, ukikaa kupiga story inajikusanya chini. Tembea kilomita chache simama upime tena upepo, ukikuta umeshuka sana acha, ita msaada. Spidi isizidi 80 na uende moja kwa moja kwa fundi, usiigeuze ndo matengenezo. Na umwambie kabisa kuna dawa ndani, wangu sikumwambia kafungua tairi imemrukia shati zima, kanikasirikia mpaka leo. Kitu kingine kichupa kina tarehe ya mwisho, nyingi ni miaka minne hivi, watu wanabeba dawa ilishaganda zamani.

babu_wa_gia
Mbona wenye spea nao wengi hawajawahi kuipima upepo toka wanunue gari. Una spea haina upepo, hapo una pancha mbili.

FundiMagurudumu
Swali la kununua spea halijajibiwa. Usinunue yoyote mkuu. Idadi ya nati na nafasi kati ya tundu na tundu lazima zilingane na za gari yako, tundu la katikati likae vizuri, na rimu isiguse breki, magari mapya yana breki kubwa na rimu ndogo inagoma kuingia mbele. Angalia na nati zenyewe, za rimu ya alloy wakati mwingine hazikai sawasawa kwenye rimu ya chuma, zinahitaji zake. Ukichukua zile nyembamba kama za pikipiki upepo wake ni psi 60, sio 32 kama zingine, na mwisho 80 kwa saa. Pancha ikiwa kwenye tairi zinazovuta usifunge nyembamba pale, toa nzima kwenye tairi zisizovuta ulete huku, nyembamba iende kule, ukiiacha kwenye zinazovuta difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) inazunguka muda wote inachemka bure. Na ukinunua iliyotumika soma namba nne za mwisho za DOT ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Ikiwa mzee iache hata kama kashata zote (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga chini) bado zipo. Jeki nunua inayobeba uzito wa gari yako, magari ya umeme ni mazito balaa.

kimyakimya
Na kama gari yake ina tairi za run-flat? Hizo ubavu ni mgumu, zinatembea bila upepo kama kilomita 80 kwa spidi ya 80. Aangalie kwanza

Mchana_Kweupe
Asanteni sana wakuu. Nimeangalia, sio run-flat. Kichupa tarehe bado iko mbali. Ila nimegundua kila gurudumu lina nati moja ya kufuli, funguo yake nimeikuta kwenye droo ya mbele imefungwa kwenye karatasi, kumbe hata ningepata jeki ya kuazima nisingefungua kitu! Tatizo lililobaki ni shimo, nimetoa sponji kina chake hakifiki kiganja, hata ile nyembamba kibao hakitalala. Wife kashauliza begi zitakaa wapi

FundiMagurudumu
Ilaze juu ya kibao, ila ifunge mkanda kwenye zile pete za buti. Ikikaa huru siku ukikanyaga breki ya ghafla inakuja mbele mliko nyie.