Tawasifu 68, maisha yale yale: nimekosea wapi?

Mwalimu wa Mkongeni

Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha Kiswahili pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili, Kidato cha Kwanza, shule ya kata huku Muheza. Wiki mbili zilizopita niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika tawasifu, ukurasa mmoja tu. Wako 68. Nimesahihisha mpaka saa sita usiku, na kama ningeyafunika majina nisingejua ipi ni ya nani. "Naitwa fulani, nilizaliwa tarehe fulani katika familia ya watoto watano, nilianza darasa la kwanza mwaka 2018, ndoto yangu ni kuwa daktari." Zote hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba hawa watoto nawajua. Zaidi ya nusu wanatoka kwenye kambi za mashamba ya mkonge. Babu zao walikuja kama manamba, yaani vibarua wa mkataba mashambani, wengine kutoka Kigoma na Songea, wengine Burundi na Msumbiji. Nina kijana mmoja anaongea Kiha na bibi yake, Kimakonde na babu yake, na Kiswahili cha Tanga na sisi sote. Hilo hakuliandika. Kaandika udaktari.

Nikiingia kwenye historia ni vilevile. Ubaoni naandika kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 1,000 kutoka Florida, ikapona 62. Wananakili, wanakariri, kwenye jaribio wanapata. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza babu yake siku moja ya kukata mkonge ilikuwaje.

Halafu kuna jambo linalonisumbua zaidi. Binti mmoja, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, alileta jina lake na tarehe ya kuzaliwa, na chini yake mistari mitano iliyofutwa kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Sikumuuliza kitu. Nikampa alama sawa na wenzake.

Mnaofundisha kwa simulizi za maisha, mnaanzia wapi? Na mtoto asiyetaka kusimulia mnamfanyaje?

Bibi Kisomo

Mwanangu, mimi ni mstaafu, niko Mwanza. Ulichoomba ni kikubwa mno kwa mtoto wa miaka kumi na minne. "Maisha yako" ni mzigo, hajui aushike wapi, kwa hiyo anashika kile alichowahi kuona kwenye fomu.

Nikueleze yaliyonipata. Mwaka 1973 nilikuwa binti wa miaka 17, nimemaliza darasa la saba, nikapewa darasa la kisomo chini ya mwembe huku Usukumani. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na sisi tuliojua kusoma tukaambiwa tuwafundishe wazazi wetu. Masomo yalihusu pamba. Wanafunzi wangu walikuwa wamelima pamba kabla sijazaliwa! Nasoma "panda kwa mistari", mzee mmoja ananitazama kwa huruma tu.

Siku moja mvua ikatufukuza, tukaingia kwenye ghala la ushirika. Kitabu kilikuwa kimelowa. Nikamgeukia mama mmoja nikamwambia, leo nipe wewe maneno, mimi niandike. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Nimezaa tisa, wapo wanne." Alisema kwa Kisukuma, mimi nikaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya kisomo, na hilo linanisikitisha mpaka leo, ningeandika zote mbili. Hakuna aliyehitaji kuambiwa anakili. Mtu mzima aliyekuwa anashindwa kushika penseli tangu miezi miwili, siku hiyo aliandika "wanne", akaniletea nione.

Tulipomaliza, yule mama akainuka, akaenda ubaoni akaifuta sentensi yake kwa kiganja. Sikumzuia.

Wako uwaulize kuhusu kitu kimoja. Jembe la nyumbani lilitoka wapi. Sufuria kubwa ni ya nani, hutolewa lini. Kitu kinajibika. Na wewe anza na chako, wasikie mtu mzima anavyosimulia bila kujipamba.

Mwana wa Togwa

Shikamoo Bibi. Mwalimu, nakuomba kitu kimoja: usiwasomeshe kwa sauti.

Nikiwa Kidato cha Pili mwalimu wetu alitusimamisha mmoja mmoja tusome tawasifu zetu mbele ya darasa. Nilikuwa nimeandika ukweli, kwamba mama aliuza togwa stendi ndipo nikapata sare. Nikaitwa Togwa mpaka namaliza Kidato cha Nne. Mwalimu hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alinisifu mbele ya wote. Lakini mama alikuja siku ya wazazi, wakacheka, naye hakujua wanachekea nini. Leo jina hilo nimelichukua mwenyewe. Wakati ule sikulitaka.

Sasa ni afisa ustawi wa jamii, kwa hiyo kuhusu huyo binti nitasema kwa uzito. Kabla hawajaandika, waambie wazi nani atasoma. Yeye umwite faragha, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, au umwombe mwalimu wa kike wa malezi amwite. Mwambie umeiona mistari, na kwamba si lazima aseme. Usimwahidi siri, hata akikuomba. Akikueleza kwamba anaumizwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka utoe taarifa: ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ni bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Huenda pia hakuna kitu cha kutisha. Watoto wengine hufuta kwa sababu baba hayupo na fomu zote zinauliza jina la baba.

Chaki na Vumbi

Mimi nitapinga kidogo. Una watoto 68 na muhtasari haukungoji. Wazee nao huchanganya miaka, na mtihani hauulizi habari za babu. Simulizi ziwe chumvi, ugali ubaki ugali.

Ila kwa upande wa Kiswahili nina wazo. Shaaban Robert, mtu wa huko huko Tanga, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alipoandika maisha yake aliweka ndani utenzi kwa binti yake na mwingine kwa mwanawe. Mtoto anayeshindwa kuandika "mimi" mpe mtu wa kumwandikia. Barua kwa mdogo wake, kwa mfano. Utapata tawasifu bila kuitaja.

Mwalimu wa Mkongeni

Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Narudi baada ya siku kumi kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu.

Nilianza na changu. Nilikwenda darasani na mzani wa dagaa wa marehemu mama, nikaeleza jinsi alivyokuwa akitubandika juu yake tukiwa wadogo ili aone kama tumenenepa. Kisha nikawaambia: leteni kitu kimoja cha nyumbani, au mkichore, na muulize kilifikaje. Nitasoma mimi peke yangu. Anayetaka wengine wasikie, aandike "ndiyo" juu ya karatasi.

Yule kijana wa lugha tatu alileta kipande cha babu yake. Ndugu Chaki na Vumbi, neno hilo nimelifundisha miaka sita bila kukiona chenyewe: kadi yenye nafasi za siku 30, nyapara anaweka alama kila ukimaliza kazi ya siku, zikitimia ndipo ulipwe. Hii ina alama 24. Babu aliugua, akaondoka shamba lile, kadi ikabaki hivyo. Nilidhani anaitunza kama ukumbusho. Kijana ameandika: "Babu anasema si ukumbusho, ni deni. Anawadai siku 24."

Darasa lilinyamaza, kisha maswali yakaanza na kengele ikatukuta humo. Kuhusu miaka, babu alisema alikuja "mwaka wa Uhuru", na wanafunzi wenyewe ndio walioandika 1961 pembeni. Nami nimejifunza neno korona, ambalo wao wamekua nalo. Kumbe ni mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki singa, yaani nyuzi zake, na mababu walilitumia miaka mingi kabla ya ugonjwa.

Si wote walioamka. Kama ishirini hivi waliniletea mistari mitatu kuhusu redio. Hao nitawapa barua.

Binti aliitwa na madamu wa malezi. Walizungumza kidogo, na wamepanga kuonana tena. Kwenye kazi hii hakuleta kitu, lakini aliomba awaandikie wale wanaopata tabu na mwandiko: wanamsimulia, anaandika, anawasomea taratibu ili wasahihishe. Ameshaandika za watu saba. Yake bado, na sijamuuliza.

Babu atakuja darasani Alhamisi saa nne, na kadi yake. Nauli ya bodaboda nimeshatoa, na kijana atakuwa mkalimani pale Kimakonde kitakapoingia. Bibi, ungekuwa wewe, swali la kwanza ungemwachia nani aulize?

Bibi Kisomo

Marahaba mwanangu. Mwulize yeye kwanza, kama anataka kuulizwa au anataka kusimulia. Na huyo binti mkalishe karibu, aandike.