Mrejesho: mashine ya gesi ya kupasha maji iliyogoma baada ya umeme kukatika

Ndugu zangu, niliwaomba msaada kuhusu mashine yangu ya kupasha maji kwa gesi hapa Lubumbashi, ambayo tangu umeme ukatike na kurudi ilikuwa ikitoa cheche, mwali unashika kidogo, kisha unazimika. Nawashukuru nyote mliojibu.

Ushauri wa kufunga mtungi, kuchomoa plagi na kusubiri ili bodi yake ya umeme, inayoiongoza, ianze upya haukutosha, kwa kuwa iliwaka na kuzimika vilevile. Kilichosaidia ni kukagua kijiti cha chuma kinachohisi moto, kama ndugu mmoja alivyoelekeza: kilikuwa kimevaa utando wa kijivu, nami nikakisugua taratibu kwa msasa laini mpaka kikang'aa. Sasa mwali unadumu, na katika baridi hii ya Julai hilo si jambo dogo.

Kwa jenereta, hata hivyo, bado inagoma. Fundi ameeleza kwamba kijiti hicho hutambua moto kwa mkondo mdogo mno wa umeme unaopita ndani ya mwali, na kwamba nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya jenereta yangu haijaunganishwa na waya wa ardhi, hivyo mkondo huo haupati njia ya kurudi. Kazi hiyo nimemwachia yeye.