Nataka kufundisha hesabu za darasa la nne kwa ukili wa mkeka. Nianzie wapi?

Mwl_Kizuiani:

Habari zenu wadau. Nafundisha Hisabati darasa la nne, shule ya msingi ya serikali huku Mbagala. Nina watoto 94 darasani. Mwezi ujao tuna siku ya wazazi, na nimeambiwa niandae meza ya kazi za mikono za asili.

Meza hiyo naijua. Nilipokuwa darasa la tano, enzi za Stadi za Kazi, kila mmoja aliambiwa alete mkeka aliousuka mwenyewe. Mama alininunulia sokoni Tandika, nikaupeleka ulivyo, nikapewa 18 kwa 20. Binti wa jirani yetu aliusuka wa kwake kweli, ukapinda upande mmoja, akapata 9. Uso wake siku ile sijausahau, na sitaki kumfanyia hivyo mtoto wa mtu.

Sasa mtaani kwetu kuna mama mmoja, mtu wa Rufiji, kila jioni anasuka barazani huku anauza barafu. Wiki iliyopita nilikaa naye karibu saa nzima. Mwanzo wa ukili, ule utepe mrefu uliosukwa ambao hushonwa ubavu kwa ubavu kuwa mkeka, ameubana kwa kidole gumba cha mguu, mikono inakwenda, mdomo unaongea na wateja. Nikamuuliza, mama umefika wapi? Hata hakuangalia chini. Alinyoosha ukili toka ncha ya mkono huu hadi ncha ya mkono ule, mara tatu, akamalizia kwa kiganja kilichotanuliwa, toka gumba hadi kidole cha mwisho: "Pima tatu na shibiri." Nikajiambia, mada yangu yote ya vipimo imo humu.

Ndiyo nauliza, kuna aliyewahi kufundishia kitu kama hiki? Kipindi ni dakika 40, nikibahatika viwili vinafuatana. Fedha ya vifaa ni ya mfukoni kwangu. Na wazazi wengine watasema mtoto hakuletwa shule kusuka mikeka.

Mzazi_Yombo:

Mwalimu, mimi ni mmoja wa hao wazazi, niseme wazi. Darasa la nne wana upimaji wa kitaifa. Mwanangu bado anachanganya mzingo na eneo. Nikisikia amekaa wiki nzima anasuka, nitakuja shuleni kuuliza. Kama kusuka kutamfanya ajue mzingo, sina neno. Ila nataka kuliona daftari.

Bibi_wa_Kibiti:

Mwanangu Mwalimu, hongera. Nimefundisha miaka 31, nimeshastaafu, na ukili nimeanza kusuka kabla sijajua kusoma.

Mimi ni wa shule za Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu Nyerere ya 1967. Tulilima, tukasuka, mikeka ikauzwa. Lakini hakuna mwalimu hata mmoja aliyetuuliza ukili huu una chane ngapi, vile vipande vyembamba vya majani ya ukindu, na kwa nini ziwe hizo. Mikono yetu ilijua mambo ambayo madaftari yetu hayakuwahi kuyaandika. Umeliona pengo, usiliache.

Usianze na mkeka. Mkeka ni kazi ya wiki nyingi hata kwa mtu mzima. Anza na ukili wa shibiri moja. Mpe mtoto chane mbili, azikunje katikati, azipishanishe, hapo ana ncha nne mkononi. Akitaka upana aongeze chane ya tatu, ncha zinakuwa sita. Ya nne, nane. Kisha katika hizo chane nne, moja iwe nyekundu. Uliza: nyekundu ni sehemu gani ya ukili? Mmoja atahesabu ncha, atasema mbili ya nane. Mwenzake atahesabu chane, atasema moja ya nne. Waache wabishane! Nakuomba sana, usikimbilie kuwaamua. Wote wawili wana haki, na jibu wamelishika wenyewe.

Ukindu mkavu utawakatikia na watakata tamaa. Chane zako zinyunyizie maji usiku, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, asubuhi zitakunjika bila kupasuka. Lakini zisiloe chepechepe, maana ukili uliosukwa na maji mengi ukikauka unalegea na kuonyesha mianya. Hilo nalo ni somo la Sayansi ukipenda.

Kwenye vipimo, wape ngazi yote: shibiri mbili dhiraa, dhiraa mbili wari, wari mbili pima. Wapime ukili uleule, mtoto mrefu na mtoto mfupi, kabla hujatoa rula.

Na mzazi wa hapo juu nimemwelewa, ana haki ya kuuliza. Swali la kuandika daftarini ni hili. Mkeka una urefu wa sm 180 na upana wa sm 120. Ukili una upana wa sm 6. Zinahitajika kili ngapi zikilazwa kufuata urefu wa mkeka, ukili wote ni mita ngapi, na pindo la kuzunguka ni sm ngapi? Pindo ndiyo mzingo, mtoto atauona kwa macho. Wakishapata jibu la kwanza, mwite yule mama wa barafu aseme yeye angeweka kili ngapi. Atataja namba nyingine. Usiwaambie kwa nini.

Fundi_Mwenge:

Mimi nachonga vinyago hapa Mwenge. Shule zinakuja, watoto wanapita, wanapiga picha, wanaondoka. Karibu hakuna anayeshika hata kibanzi. Mwalimu, visu na tezo usiwape watoto 94, utajuta. Njoo uchukue mabaki, hatuyauzi. Chukua kipande cha mpingo na kipande cha mwembe, tia kwenye ndoo ya maji. Mwembe unaelea, mpingo unazama hadi chini. Waambie wakisie kabla hujatumbukiza. Mpingo uchague wenye weusi tupu, ule upande mweupe wa nje siyo wenyewe.

Halafu kama ukindu ni ghali, maduka ya Kariakoo yanatupa mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi. Vikapu vinasukwa kwa hiyo siku hizi. Kwa kuzoeza vidole inatosha kabisa.

Mwl_Kizuiani:

Shikamoo Bibi. Nimeleta mrejesho, asanteni wote.

Mikanda nilipata bure, tukazoezea siku mbili. Makundi 16, mengi ya watoto sita. Ubishi wa mbili ya nane na moja ya nne umetokea kama ulivyosema, na kundi moja walizifumua chane mezani kuhakikisha. Mimi nilikaa kimya, ilinigharimu kukaa kimya.

Kwenye shibiri, ukili mmoja ulitoka shibiri 7 kwa mvulana mkubwa na 9 kwa binti mdogo kuliko wote. Darasa zima likapiga kelele kwamba binti kakosea. Akapima tena, taratibu, 9. Ndipo mmoja akasema, "Mwalimu, mikono yao hailingani," nikatoa rula.

Swali la mkeka wamepata kili 20, ukili mita 36, pindo sm 600. Mzazi wa Yombo, liko daftarini, hata wewe ukija nitakuonyesha. Mama wa barafu alikuja na ukili wake. Akasema, "Mimi nitaweka ishirini na mbili." Kimya. Wengine wakaanza kufuta majibu yao, nikawazuia. Kuna mtoto anakaa nyuma kabisa, mwaka mzima sijamwona akinyoosha mkono. Aliinuka, akaenda kuushika ule mkeka nusu alioleta mama, akaweka kucha yake penye mshono. Akasema, "Huu umeingia ndani ya huu." Tukapima: karibu nusu sentimita, kila mshono. Kili 20 zina mishono 19, mkeka unapungua zaidi ya sm 9. Tukarudia hesabu kwa kili 22, mishono 21, ikatoka sm 121 na nusu. Mama akacheka, akasema yeye hajawahi kuihesabu hivyo, mama yake ndiye aliyemwambia aongeze mbili.

Siku ya wazazi mezani nitaweka kili za shibiri moja moja, zilizopinda kwa zilizonyooka, kila moja na ukurasa wa daftari la mwenyewe pembeni. Alama sitoi.

Tatizo lililobaki ni ukindu. Fungu nililonunua Rangi Tatu limetosha nusu ya makundi. Anayejua magari ya Kibiti au Mkuranga yanashusha ukindu wapi na siku gani, aniandikie kabla ya Jumapili. Fundi, Jumamosi nitafika Mwenge kuchukua vile vipande.