Kukaa kitako baada ya mbio, na siku ya mapumziko

Mgeni_wa_Mbio (Chake Chake)
Assalaam alaykum. Nimeanza kukimbia baada ya sala ya alfajiri, kutoka mjini hadi uwanja wa Gombani na kurudi. Nikifika nyumbani najitupa barazani, na macho yanaingia kiza. Kesho yake mashavu ya miguu yananiuma, kushuka ngazi tabu. Siku nisiyokimbia kaka ananiambia nilale tu. Ni sawa?

Mzee_wa_Wete
Wa alaykum salaam mwanangu. Hicho kiza ndicho kilichonifanya niandike. Ukiwa mbioni, misuli ya miguu husaidia kurudisha damu moyoni. Ukisita ghafla, damu hubaki miguuni na kichwa hukosa. Basi usifike nyumbani ukiwa mbioni: punguza mwendo mapema, tembea dakika 5 hadi 10 mpaka uweze kuzungumza bila kuhema. Kiza kikiendelea hata ukifanya hivyo, kapime presha.

Kunyoosha viungo kuje baadaye. Mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, sekunde 20 hadi 30, usirukeruke. Hakutakuondolea maumivu ya kesho yake. Hayo huisha yenyewe kwa siku chache, na mwili ukizoea hupungua.

Mapumziko, mwanangu, ni sehemu ya mazoezi. Misuli hujijenga wakati huo. Mifupa na kano huchelewa kuzoea mbio kuliko pumzi, ndiyo maana unajiona una nguvu za kuongeza na kumbe miguu haijawa tayari. Kimbia siku moja, acha moja. Na tafadhali, mpira wa jioni usiuhesabu kuwa mapumziko! Vijana wetu wengi wanaumia hapo.

Bint_Jambiani
Mie siku za mapumziko naenda pwani maji yakitoka, natembea kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Ule mkavu unazama, unavuta mashavu ya miguu yaliyokwisha kuchoka. Kuogelea polepole pia kuzuri, au baskeli. Ukiwa umechoka kweli, lala, kaka yako hajakosea.

Mgeni_wa_Mbio
Ahsanteni sana. Na muundi ukiuma?

Mzee_wa_Wete
Ukiuma eneo pana na ukapoa ukipumzika, punguza mbio kwa muda. Ukiuma mahali pamoja pa mfupa, ukibonyeza unaruka kwa maumivu, au unauma hata ukitembea, acha kabisa kukimbia uende hospitali. Usiukande kwa nguvu.