Mama ana saratani ya titi, daktari anataka aanze na kemo (dawa kali za saratani, za dripu) kabla ya upasuaji. Ni sawa?

Binti_wa_Pili: Shikamooni wakubwa. Mama amekutwa na saratani ya titi, uvimbe ni mkubwa na umefika kwenye tezi za kwapani. Nyumbani tulitegemea afanyiwe upasuaji haraka, lakini daktari wa dawa za saratani anasema kemo kwanza, miezi kadhaa. Wajomba wamekuja juu: tunacheleweshwa, ugonjwa utasambaa. Anatakiwa kuanza wiki ijayo. Naombeni ushauri.

Mkongwe77: Pole sana binti. Hamcheleweshwi. Dripu ya kwanza ikiingia, tiba imeshaanza, tena dawa inazunguka na damu mwili mzima, wakati kisu kinaishia pale kinapokata. Uvimbe ukinywea, huenda titi lote lisiondolewe. Na hili waambie wajomba: uvimbe ukiwa bado upo, daktari anaona kama dawa inafanya kazi. Ukishatolewa, hana tena cha kuangalia.

Nesi_Mstaafu: Naungana naye. Ila majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, yanasemaje? Seli za saratani zina vipokezi vya homoni, yaani homoni inazichochea kukua? Zina HER2, ile protini inayozikuza haraka, kwa wingi? Hayo ndiyo yanayochagua dawa. Wenye vipokezi vya homoni hupewa vidonge kama tamoksifeni, miaka 5, wengine hadi 10. Wenye HER2 huongezewa trastuzumab, dawa inayolenga hiyo HER2.

Binti_wa_Pili: Homoni hasi, HER2 chanya. Mama anaogopa zaidi kupoteza nywele.

Nesi_Mstaafu: Basi kuanza na dawa ni utaratibu wa kawaida kabisa kwa hali yake. Nywele zitaota tena, mwambie hivyo bila kumficha kwamba zitaanguka. Kemo hupiga seli zinazogawanyika haraka, na mizizi ya nywele ni mojawapo. Mdomo unaweza kutoka vidonda. Kichefuchefu kina dawa zake nzuri, apewe kabla ya dripu, asisubiri atapike.

Kinachonitisha mimi ni homa. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, mara nyingi wiki ya kwanza hadi ya pili baada ya dripu. Nunueni kipimajoto. Ikifika 38, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Msimpe parasetamoli mkangoja kuche, kijidudu kinaweza kumuua kabla ya saratani.

Mkongwe77: Na dawa za mitishamba atakazoletewa na ndugu, asinywe bila daktari kujua.

Nesi_Mstaafu: Kweli. Halafu trastuzumab inaweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo moyo hupimwa kabla ya kuanza na tena katikati ya tiba. Ulizeni kipimo chake kimepangwa lini.